Kilichounganisha Jicho na Moyo

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari kijana wa moyo alikumbana na fumbo. Baadhi ya wagonjwa waliomjia kwa sababu aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ilikuwa imetanuka, walifanana kama watoto wa tumbo moja: warefu, wembamba, wenye vidole virefu kama miguu ya buibui. Wengi wao macho pia yalikuwa na kasoro: lenzi ilikuwa imehama mahali pake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina tangu zamani. Mwaka 1896, huko Paris, Antoine Marfan alieleza habari za mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa na mikono na miguu mirefu kupita kawaida. Lakini aota na jicho vinahusianaje? Victor McKusick, yule daktari kijana, aliandika waziwazi kwamba atakayejua nyuzi zinazoishika lenzi zina nini cha pamoja na ukuta wa aota, huyo atakuwa ameshika mzizi wa maradhi hayo.

McKusick alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Parkman, jimbo la Maine, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Alikuwa pacha; mwenzake, Vincent, alisomea sheria na baadaye akawa Jaji Mkuu wa jimbo hilo. Mwaka 1937 Victor alilazwa hospitalini kwa wiki kumi kwa maambukizi makali ya bakteria, akaponywa na dawa za salfa zilizokuwa ngeni wakati huo. Alitoka humo akiutamani udaktari.

Mwaka 1956 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya kurithi ya tishu unganishi. Mwenye kuijua nyumba ya miti na udongo ataelewa upesi: fito na nguzo husimama kwa sababu ya kamba zilizozifunga. Kamba zikiwa mbovu, ukuta utabonyea huku na paa litalegea kule, na mpita njia atadhani ni kasoro mbili. McKusick aliitazama nyumba nzima. Ndani ya kitabu kile aliweka pamoja ugonjwa wa Marfan, ule wa mifupa inayovunjika kwa jambo dogo, na ule wa ngozi inayovutika na viungo vinavyopinda kupita kiasi.

Mwaka uliofuata aliacha njia ya moyo na kuanzisha idara ya jenetiki ya tiba hapohapo Hopkins. Wako waliomwona anajiharibia kazi, kwani jenetiki ilikuwa bado somo la nzi na mahindi.

Jibu kwa hao lilitoka mashambani. Daktari mmoja wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, alikuwa ameona kwamba miongoni mwa Waamishi, Wakristo wanaosafiri kwa mikokoteni ya farasi, watu wa kimo kifupi sana walikuwa wengi. McKusick hakungoja waletwe Baltimore. Kuanzia miaka ya 1960 alikwenda na wenzake nyumba kwa nyumba. Waamishi walikuwa na familia kubwa, hawakuhamahama, na waliandika nasaba zao kwa uangalifu ambao mtafiti angeweza kuuombea dua tu. Watoto aliowakuta walikuwa na mikono na miguu mifupi, na kila mkono vidole sita. Baadhi walikuwa na tundu moyoni na walifariki wachanga.

Mwaka 1964 alitoa taarifa ya wagonjwa 52 katika familia 30, karibu sawa na wote waliokuwa wameandikwa duniani hadi hapo. Nasaba zao zilipanda hadi kwa Samuel King na mkewe, waliohamia Amerika mwaka 1744. Ugonjwa huu humpata mtoto aliyerithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia, na wazazi hao wenyewe huwa wazima kabisa.

Katika ziara zilezile aligundua kwamba wafupi wengine hawakuwa na kidole cha sita. Nywele zao zilikuwa nyembamba, chache, na picha za eksirei zilionyesha mifupa ya namna nyingine. Huo ulikuwa ugonjwa tofauti, wa gegedu na nywele, ambao madaktari walikuwa wameuchanganya na mwingine. Nadhani hapo ndipo ustadi wake ulipoonekana zaidi: katika kutazama nywele za mtu ambaye kila mmoja alimtazama kimo.

Fumbo la jicho na aota lilisubiri. Mwaka 1986 Lynn Sakai na wenzake waligundua protini waliyoiita fibrilini, inayofanya nyuzi nyembamba sana mwilini. Ilikutwa kwenye nyuzi zinazoshika lenzi. Ilikutwa pia kwenye ukuta wa aota. Mwaka 1991 Hal Dietz, daktari wa watoto wa Hopkins, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba wagonjwa wa Marfan wana kasoro katika jeni ya protini hiyohiyo.

Wagonjwa wenyewe walikuwa wameshaanza kunufaika. Utafiti wa mwaka 1972, ambao McKusick alishiriki, ulionyesha kwamba kwa wastani walifariki wakiwa na miaka 32, wengi kwa aota kupasuka. Mwaka 1976 daktari Vincent Gott wa Hopkins alianza kuwafanyia upasuaji, akikata sehemu iliyotanuka na kushona mahali pake tyubu ya kitambaa yenye vali. Kufikia miaka ya 1990, wengi wao waliweza kutarajia kuuona mwaka wa 70.