Jina la Watu na Jina la Mashine: Historia ya Faili la os-release

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 alitoa kiini tu, wala si mfumo kamili wa uendeshaji wa kompyuta. Wengine ndio waliokichukua kiini hicho wakakijengea programu nyingine, na kila ukoo ukajipa jina: Slackware na Debian mwaka 1993, kisha Red Hat, SUSE na wengineo. Desturi za kujitambulisha nazo zikatofautiana. Red Hat iliweka faili liitwalo redhat-release, SUSE likawa na SuSE-release, na Debian ikawa na debian_version, ambalo lilitaja toleo bila kulitaja jina la mfumo wenyewe.

Basi mwandishi wa programu aliyetaka kazi yake itumike kotekote ilimlazimu abishe hodi mlango kwa mlango. Hata hivyo hakuwa na yakini. Ubuntu, iliyozaliwa na Debian mwaka 2004, ilirithi faili la debian_version. Aliyelitazama hilo peke yake alimdhania mtoto kuwa ndiye mzazi. Jitihada ya Linux Standard Base ilileta amri ya lsb_release, lakini mifumo mingi haikuiweka ila kwa hiari ya mtumiaji.

Mwaka 2012 Lennart Poettering na wenzake wa mradi wa systemd walieneza faili moja, os-release, lenye maneno machache mepesi kusomeka. Ubora wake, kwa maoni yangu, haukuwa katika umoja huo bali katika kutenga majina mawili. PRETTY_NAME ni la kusomwa na watu, nalo laweza kupambwa. ID ni la kusomwa na mashine, kwa herufi ndogo, bila nafasi. Pamoja na hayo kuna ID_LIKE, inayotaja nasaba: Ubuntu hujiandika ubuntu, kisha hukiri kuwa inafanana na debian. (Msomaji wa jarida hili hatakosa kuona kwamba neno hilo la Kinguni, nduguye “utu” wetu, sasa ni kitambulisho katika kompyuta zisizohesabika.)

Jambo moja lilikuwa limesahauliwa. Mwezi Desemba 2014 Fedora ilitoa toleo la 21 kwa namna tatu: Workstation ya mezani, Server ya kuhudumia kompyuta nyingine, na Cloud. Zote tatu zilikuwa na ID moja na namba moja ya toleo, kwa hiyo faili halikuweza kuzipambanua. Kuziita mifumo mitatu kungalikuwa kosa, kwa maana shina lao ni moja. Ndipo mwaka 2015 zikaongezwa VARIANT na VARIANT_ID, ya kwanza kwa watu, ya pili kwa mashine, kufuata kanuni ile ile.

Mafaili ya kale hayakutoweka mara moja, maana programu za zamani ziliendelea kuyatafuta. SUSE Linux Enterprise iliondoa SuSE-release katika toleo lake la 15, mwaka 2018. Ubuntu bado inalo debian_version.