Ray Lema: mwana wa semineri aliyepeleka ngoma za Kongo ndani ya rock na orkestra

Raymond Lema a'Nsi Nzinga, ambaye dunia inamuita Ray Lema, ni mpiga piano, mpiga gitare, muimbaji na mtunzi wa muziki kutoka Kongo. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1946 kule Lufu-Toto, Bas-Congo, jimbo linaloitwa leo Kongo-Central. Ni mmoja wa Wakongo wachache waliofunzwa muziki wa kizungu wa noti tangu utoto, wakaingia rock, halafu wakarudi kuketi chini ya wapiga ngoma wa kijijini ili kujifunza upya.

Semineri

Mtoto Lema alitaka kuwa padri. Akiwa na miaka 11 aliingia semineri ndogo ya Mikondo, Kinshasa, wakati mji ungali unaitwa Léopoldville. Mapadri wakaona ana sikio la muziki, wakamkalisha kwenye kinanda cha kanisa. Akajifunza nyimbo za Gregori, kisha kazi za Bach, Mozart na Chopin. Kipande alichopiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza kilikuwa cha Beethoven, ile Sonata ya Mwanga wa Mwezi. Upadri haukuendelea. Alienda kusoma kemia kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, lakini huko nako hakumaliza. Muziki ulikuwa umeshamchukua.

Gitare na usiku wa Kinshasa

Miaka ile vijana wa Kinshasa walikuwa wanasikiliza rumba, lakini pia Beatles na Jimi Hendrix. Lema akashika gitare na kuanza kupiga ndani ya vilabu vya usiku. Alifanya kazi pia na wakubwa wa hapa kwetu, kama Tabu Ley na Abeti Masikini. Mkono uliofundishwa na mapadri ulimsaidia: aliweza kuandika sehemu ya kila chombo na kupanga bendi nzima.

Shule ya pili

Mwaka wa 1974 akapewa uongozi wa muziki wa Ballet National du Zaïre, kundi la serikali la ngoma na michezo. Kazi ikamtaka azunguke inchi kutafuta wapigaji wa kila kabila. Hapo ndipo aliposhikwa. Mwalimu wa muziki wa noti alikuta watu wasiojua kusoma noti hata moja, lakini wanapiga vitu ambavyo yeye hawezi kuvifuata.

Sababu yake si uchawi. Ndani ya muziki wa noti, wote wanahesabu kutoka "moja" ileile, na kiongozi anaionyesha kwa mkono. Ndani ya ngoma nyingi za kwetu, kila mpigaji ana fasi yake ya kuingilia, na "moja" ya huyu si "moja" ya yule. Lema anaeleza jambo hili kwa mfano wa gurudumu: linazunguka, kila mtu anapanda kwa mlango wake, na hakuna anayepotea. Msikilizaji wa Kampene aliyekulia karibu na ngoma za sherehe ataelewa haraka. Ukisikiliza ngoma ndogo peke yake, utaona kama inakosea. Weka zote pamoja, mambo yananyooka.

Marekani na Ufaransa

Kundi lake Ya Tupas lilipata tuzo ya Maracas d'Or mwaka wa 1978. Mwaka wa 1979 akasafiri Marekani kwa msaada wa Rockefeller Foundation, na kuanzia miaka ya 1980 akafanya maisha Ufaransa. Mwaka wa 1985 sauti yake ilisikika ndani ya albamu The Rhythmatist ya Stewart Copeland, mpiga ngoma wa kundi la rock The Police. Nangadeef ilitoka mwaka wa 1989, na ndani yake wanaimba Mahotella Queens wa Afrika Kusini.

Hakuishia kwenye rock. Mwaka wa 1992 alitoa albamu na waimbaji wa Bulgaria wa Profesa Stefanov. Baadaye akaandikia orkestra ya Sundsvall, Sweden, kazi inayoitwa Le Rêve de la Gazelle. Hapo mwana wa semineri alirudi kwenye violoni na selo, lakini safari hii akiwa amebeba lile gurudumu. Mwaka wa 2020 akatoa albamu ya kumkumbuka Franco Luambo, On rentre KO, OK !

Anachotuachia

Kwetu kijana anaambiwa mara nyingi achague: ama kwaya, ama gitare la mjini, ama ngoma za wazee, ambazo wengine wanaziita za kishenzi. Maisha ya Lema yanakataa uchaguzi huo. Noti zilimpa namna ya kuandika, rock ikampa nguvu ya jukwaa, na wapiga ngoma wakampa sikio. Lakini tofauti moja ni kubwa: Beethoven yuko kwenye karatasi na anaweza kungoja, mpiga ngoma wa kijiji hayuko kwenye karatasi yoyote. Anayetaka kufuata nyayo hizo ndani ya Pangi anaweza kuanza na simu yake tu: amuombe mzee ruhusa, arekodi kila ngoma peke yake, kisha zote pamoja, na aandike jina la ngoma, la mpigaji, na siku gani inapigwa.