Kijani cha Kuficha Unyevunyevu
Mwaka 1976, mjini Brighton, Uingereza, Anita Roddick alifungua duka la vipodozi, The Body Shop. Kuta alizipaka kijani kuficha madoa ya unyevunyevu. Chupa zilikuwa chache, basi wateja walirudi nazo kujaziwa. Uhaba huo baadaye ukaitwa maadili, na sioni ubaya. Kilichouma ni 2006: kampuni iliyopinga kujaribu vipodozi kwa wanyama iliuzwa kwa L'Oréal, iliyolaumiwa kwa jambo hilohilo, kwa pauni milioni 652. Baadhi ya wateja walisusa. Mwaka 2017 ikaja Natura, kisha Aurelius. Februari 2024 tawi la Uingereza likakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi.

Mafuta ya shea yalitoka Tamale, Ghana, kwa wanawake walioyatengeneza kwa mikono. Kila duka lilipouzwa, walipata mteja wasiyemchagua.