Jamhuri ya Siku 105

Alfajiri hapa Silanga, mtaa wetu wa Nairobi, utawaona mafundi mawe wakipanda mteremko kutoka upande wa bwawa, mwiko umefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ovaroli imekakamaa kwa simiti ya jana, wanatafuta mjengo Lang'ata na Industrial Area. Kijana mmoja wa Lango, Uganda, yatima tangu utotoni, aliishi maisha hayo hayo katika miaka ya 1950. Alifanya kibarua, akashona nguo, akajenga. Nairobi alifika, na jela yake akaionja. Kisha akateremka pwani, na mwaka 1959 akavuka maji hadi Pemba, akaendelea na kazi ya mawe. Jina lake John Okello. Miaka mitano baadaye alikuwa redioni Unguja akijiita Fildi Mashali.

Kila Aprili, kwenye kibanda cha chai ninakokunywa, hauzuki ubishi mwingine ila huu: Zanzibar ilijiunga na Tanganyika au ilimezwa? Wabishi wetu huanza na Muungano wakamaliza na Muungano. Mimi nawarudisha nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya Tanzania palikuwa na dola yenye jina lake, rais wake na kiti chake Umoja wa Mataifa.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla yetu. Na sisi Wakenya si wageni katika habari hii. Ukanda wa maili 10 wa pwani, Mombasa, Malindi na kwingineko, ulikuwa bado milki ya Sultani katika makaratasi, bendera yake nyekundu ikipepea Fort Jesus. Wapo wapwani waliotaka ukanda huo usimame peke yake, wakaitwa watu wa Mwambao. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliafikiana, ukanda ukaingia Kenya. Kwa hiyo kumegwa na kuungwa tulikuonja kwanza sisi.

Uhuru wa visiwani ulikuwa na ufa tangu msingi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoungana vikachukua 18, vikaunda serikali chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Juu ya hayo serikali ikawaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara. Sijui nani aliwashauri. Ukimfukuza askari ukamwacha mjini bila mshahara, na anajua bunduki zimefungiwa chumba gani, utamlaumu nani akirudi usiku?

Walirudi usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Watu mia kadhaa, wengi wakiwa na mapanga na mikuki, waliivamia kambi ya polisi ya Ziwani, wakateka ghala la silaha. Kulipokucha Okello alikuwa hewani, anaamuru na kutisha kwa Kiswahili cha lafudhi ya bara ambacho waungwana wa Mji Mkongwe hawakukizoea. Hapa kwetu lafudhi hiyo isingemgeuza mtu kichwa. Jamshid alikimbilia kwenye jahazi lake la kifalme, akafika Mombasa, Kenya ikamkatalia kushuka. Akaenda kuishi Uingereza. Siku zilizofuata maelfu ya watu waliuawa, Waarabu wakiwa wengi kupita wote. Anayeyasimulia mapinduzi haya kwa nderemo tupu hajaisimulia historia yote.

Ikatangazwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Abeid Karume wa Afro-Shirazi akawa rais, Abdullah Kassim Hanga makamu wake, Abdulrahman Babu waziri wa mambo ya nje. Jamhuri hiyo ilikwenda mbio. Tarehe 8 Machi ardhi yote ikawa mali ya serikali. Ujerumani Mashariki, iliyokuwa haijatambuliwa na nchi yoyote ya Afrika, ikatambuliwa. Uingereza na Marekani zilisitasita hadi Februari 23 ndipo zikaitambua serikali mpya, na huku magazeti ya Magharibi yakipiga kelele kuwa imezaliwa Kuba ya Afrika.

Na Okello? Mwezi Machi alikuwa safarini bara. Aliporudi alizuiwa, akarudishwa alikotoka. Mkristo, mtu wa bara, mwenye jeshi lake na mdomo usiotulia: Karume hakuwa na haja naye tena. Jirani yangu fundi mawe nilipomsimulia hilo hakushangaa. Alikuwa anakwangua mwiko wake kwa kipande cha bati. "Ukishapiga plasta," alisema, "mwenye nyumba hutaka ufunguo."

Hofu ndiyo iliyoharakisha yaliyobaki. Januari hiyo hiyo, tarehe 20, wanajeshi wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito. Yakafuata maasi ya Uganda, kisha ya kwetu Lanet. Serikali tatu zilizojitawala juzi zikawaita Waingereza kuwanyang'anya silaha askari wao wenyewe. Rais Nyerere wa Tanganyika alikuwa ameona jinsi dola inavyoweza kuanguka usiku mmoja, na kisiwa chenye moto kilikuwa mlangoni pake. Karume naye alikuwa na Babu na wenzake wa mrengo wa kushoto ndani ya nyumba, wasomi kumliko na wenye marafiki Peking. Mimi nasema kila mmoja alitafuta ukuta wa kuegemea. Mapenzi ya umoja yalikuwepo, ila tarehe ya harusi ilipangwa na woga.

Kumbuka kwamba ndoto kubwa ilizaliwa hapa Nairobi. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote wa Uganda walitangaza kwamba mwaka usingeisha kabla ya Shirikisho la Afrika Mashariki. Mwaka ukaisha bila shirikisho. Miezi kumi baada ya tangazo lile Nyerere akaruka hadi Unguja, na tarehe 22 Aprili 1964 yeye na Karume wakatia saini Hati za Muungano. Rasimu iliandikwa na Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika, Mwingereza Roland Brown. Mwenzake wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, alisimulia baadaye kwamba wakati huo alipewa likizo ya wiki moja. Babu alikuwa ng'ambo. Tarehe 26 Aprili Bunge la Tanganyika lilikwisha kuridhia, na jamhuri ya Karume, yenye umri wa siku 105, ikaacha kuwa dola peke yake. Kama Baraza la Mapinduzi la Zanzibar nalo liliridhia kisheria, wanasheria hawajaacha kubishana. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba 29.

Lakini haikumezwa mzima. Mambo yaliyokabidhiwa Muungano mwanzoni yalikuwa 11, mengine yakabaki kisiwani, na leo Zanzibar ina rais wake, baraza lake la wawakilishi na bendera yake. Orodha ile ya 11 imerefuka, na kila iliporefuka kelele zilisikika. Aboud Jumbe, aliyemrithi Karume baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, alilazimika kujiuzulu mwaka 1984 kwa kutaka muundo wa Muungano uhojiwe.

Okello aliandika kitabu chake, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka 1971 alionekana na Idi Amin wa Uganda, kisha hakuonekana tena. Jamshid alifia Muscat Desemba 2024.

Hapa Silanga mwaka 2005 tulipanga foleni ya kura ya maoni kuchagua ndizi au chungwa, na 2010 kijani au nyekundu, katiba ikiwa ndilo swali. Juu ya Muungano, Mzanzibari na Mtanganyika hawajawahi kupangiwa foleni, si 1964 wala mwaka wowote uliofuata.