Kabati la Droo 24 na Amana Iliyobaki Ndani



Hapa Kanazi, wilayani Ngara, tunashona nguo za harusi, na kila fundi anajua taabu ya kutafuta kifungo. Basi tulipoona kwa muuza vitu vya zamani kabati la mbao lenye droo ndogo 24, kila moja na fremu ya shaba ya kubandikia jina, tukalinunua hapo hapo. Bibi harusi wetu mmoja alipoliona akalitaka yeye, aweke vipuli, bangili na udi wake. Tukakubali kumwachia. Lakini kabla ya kulipiga polishi tukajiuliza: hili lilikuwa la nini?

Muuzaji alisema la dawa. Jirani akasema la mbegu. Mzee mmoja akasema la fedha za kodi, enzi za Mwingereza. Tukachukua tepu yetu ya kupimia, tukakaa chini.

La mbegu haliwezi kuwa, maana sakafu ya kila droo ina mfereji uliokatwa kutoka mbele hadi nyuma, mbegu zingemwagika. La fedha pia hapana, hakuna droo hata moja yenye kitasa. Dawa zingeacha doa au harufu. Upana wa ndani ulikuwa sentimita 13 na kidogo, na hapo ndipo jibu lilipotujia: kadi! Kadi ya kawaida ya ofisini ni nchi 3 kwa 5, yaani sentimita 7.5 kwa 12.5 hivi. Ule mfereji ni njia ya kibao kinachosogezwa kuegemeza kadi zisilale.

Kadi hizi zimetoka mbali. Mwaka 1791 huko Ufaransa, serikali ya mapinduzi ilipochukua vitabu vya makanisa, iliagiza viorodheshwe nyuma ya karata za kuchezea, kwa kuwa zamani hizo mgongo wa karata ulikuwa mtupu. Nchini Marekani, Melvil Dewey alianza mwaka 1876 biashara ya vifaa vya maktaba iliyokuja kuitwa Library Bureau, nayo ikaeneza kadi za kipimo kimoja na makabati yake.

Kwa nini ofisi zikazipenda? Zamani karatasi zilikunjwa, zikafungwa kwa utepe na kuchomekwa kwenye vishubaka. Kutafuta moja ulifungua nyingi. Majina nayo yaliandikwa kwenye daftari kubwa. Sisi mafundi tutaelewa upesi: daftari ni nguo iliyokwisha kushonwa, ukitaka kuongeza kipande katikati lazima ufumue. Kadi unaichomeka mahali pake na kazi inaendelea. Maktaba ziliendelea nazo mpaka kompyuta zikazichukulia nafasi; shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likizichapia maktaba, lilichapa za mwisho Oktoba 2015.

Likabaki swali moja. Je, letu lilikuwa la vitabu au la watu? Droo za maktaba huwa na tundu mbele, la kupitishia chuma chembamba kinachozishika kadi kwa chini, msomaji asiondoke na moja. Zetu hazina tundu. Kwa hiyo kadi zilikuwa zikitolewa na kurudishwa kila siku. Tena vibandiko vilivyosalia vilikuwa na droo tatu nzima za herufi N: Nd, Ni, Nt. Angalieni majina ya majirani zetu hapa Ngara, mtaelewa. Lilikuwa la watu.

Na watu wa Ngara wanajua uzito wa kadi. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama saa 24. Kambini, kadi ndiyo iliyompatia mtu chakula.

Sasa sikilizeni, dada zetu. Tulipoivuta droo ya mwisho, nyuma yake ilikuwa imenasa kadi moja. Jina la mwanamke, kijiji chake, na idadi ya uzazi wake. Ilikuwa kadi ya mgonjwa. Bibi harusi akafurahi, akasema aiweke kwenye fremu ukutani, ni ya kale, inapendeza.

Tulinyamaza kidogo. Mteja ni mteja, na fedha yake ilikuwa nusu mkononi mwetu. Lakini tukamwambia, "Mwanangu, ungependa ya kwako yatundikwe ukutani kwa mtu usiyemjua?" Akatazama chini. Sote tunajua aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inavyoagiza kuhusu amana: irudishwe kwa mwenyewe. Hakuna mahali iliposemwa amana ya zamani imeisha muda.

Tukaipeleka kwa mzee wa kijiji kile. Mwenyewe alikwishafariki, ila binti yake yupo, ni bibi sasa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga bila kusema neno. Bibi harusi wetu ndiye aliyelia.

Kabati limekwenda kwake wiki iliyopita, limepigwa polishi. Vibandiko vya N tumeviacha, kwa ombi lake mwenyewe.

Basi mkinunua cha kale, kipimeni, kikagueni, mvute droo mpaka mwisho. Allah atujaalie tuwe watunza amana. Amin.