Ukuni wa Althaea (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mfalme Oeneus wa Calydon, Ugiriki, alitoa sadaka ya mavuno kwa miungu yote, akamsahau Artemis, mungu wa mawindo. Kwa hasira, Artemis akaleta nguruwe mwitu wa kutisha aliyefyeka mashamba na kuua watu. Meleager, mwana wa mfalme, akakusanya mashujaa, Jason na Theseus wakiwemo. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Atalanta wa Arcadia. Mshale wa Atalanta ndio uliomtoa mnyama damu ya kwanza, na mkuki wa Meleager ukammaliza. Meleager akamtunuku Atalanta ngozi, lakini wajomba zake wawili wakampokonya.

SASA ENDELEA

“Mjomba, mrudishie ngozi yake,” Meleager alisema, sauti ikimtetemeka.

Plexippus aliikumbatia ngozi ile iliyokuwa bado inachuruzika damu. “Kama wewe huitaki, haki ni yetu, sisi ndugu wa mama yako. Huyu ana udugu gani nasi?”

“Hakuja kutafuta udugu. Amekuja kuwinda, na amewashinda nyote kwa shabaha.”

“Mpwa wetu, unatuvunjia heshima mbele ya wageni kwa sababu ya mwanamke?”

Neno hilo lilikuwa la mwisho kutoka kinywani mwa Plexippus. Upanga wa Meleager ulizama kifuani mwake. Toxeus alibaki ameduwaa, hajui amlipizie kaka yake au akimbie. Hakupewa muda wa kuchagua.

Wakati huo mjini, Malkia Althaea alikuwa njiani kuelekea hekaluni, amevaa nguo za dhahabu, akipeleka shukrani kwa ushindi wa mwanawe. Nderemo zilikuwa zimetanda kila mtaa. Ghafla zikakatika. Umati uligawanyika, na machela mbili zikapitishwa katikati.

Althaea alifunua shuka ya kwanza, kisha ya pili. Ukelele alioutoa ulisikika hadi langoni mwa mji.

“Nani amewaua ndugu zangu?” aliuliza alipoweza kusema.

Wabebaji wakatazamana.

“Nimeuliza, nani?”

“Bi mkubwa,” mmoja alijibu akiinamisha kichwa, “ni Meleager.”

Machozi yalimkauka papo hapo. Akarudi kwenye jumba la mfalme, akavua dhahabu na kuvaa nguo nyeusi, akaamuru moto mkubwa ukokwe. Kisha akaingia peke yake kwenye chumba cha ndani, akafungua kasha ambalo hata mumewe hakujua lina nini.

Ndani yake mlikuwa na ukuni mmoja, umeungua upande.

Meleager alipokuwa na umri wa siku saba, wanawake watatu waliingia chumbani mwa mzazi. Walikuwa Moirai, wanaosokota uzi wa uhai wa kila binadamu. Wa kwanza alisema mtoto atakuwa muungwana. Wa pili akasema atakuwa shujaa. Wa tatu, Atropos, akautazama ukuni uliokuwa ukiwaka mekoni, akasema mtoto ataishi hadi ukuni ule utakapoteketea. Walipoondoka, Althaea aliruka kitandani, akauchomoa motoni na kuumwagia maji. Tangu siku hiyo alikuwa ameushika uhai wa mwanawe mkononi, na aliulinda.

Sasa alisimama nao mbele ya moto.

“Nikisamehe damu ya ndugu zangu, nani atawatetea?” alinong’ona. “Nikiilipiza, nani atanizika mimi?”

Aliunyoosha mkono, akaurudisha. Dada ndani yake alidai kisasi. Mama ndani yake alimvuta nyuma. Mara ya pili akaghairi. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Mara ya nne aliuona uso wa mwanawe akiwa mchanga, akaanguka magotini huku ameukumbatia ukuni.

Kisha nje vilisikika vilio vya waombolezaji wakiita majina mawili: Plexippus! Toxeus!

Althaea akainuka. Mara ya tano, akageuza uso pembeni na kunyoosha mkono juu ya ndimi za moto.

Kule msituni, Meleager alikuwa akimkabidhi Atalanta ngozi yake. Ghafla akashika kifua, jasho likamtoka.

“Kuna nini?” Atalanta aliuliza.

“Moto,” alisema akihema. “Kuna moto ndani yangu!”

ITAENDELEA WIKI IJAYO

Je, Althaea ameuachia ukuni, au mkono umemsaliti kwa mara nyingine? Nani anaweza kumfikia kabla haujateketea? Usikose sehemu ya nne.