SAFU YA LUGHA: Bolti haing'olewi

Kwenye gereji za pikipiki, kuanzia Kayanga mpaka Nkwenda, nasikia sana amri hii: "Ng'oa hiyo bolti!" Inaniuma, kwa sababu fundi akisema hivyo, mkono nao hufuata. Kinachong'olewa ni jino, kisiki, msumari: kitu cha kuvutwa kwa nguvu kitoke na mizizi yake. Bolti ina hesi, au meno kama mafundi wanavyosema. Hulegezwa kwanza, ndipo ikafunguliwa. Itazame ile ya chini ya shokapu ya mbele kwenye Honda nyingi za zamani. Kichwa kimezama ndani ya tundu lililojaa tope na kutu. Fundi makini husafisha tundu, hudondoshea mafuta, huyaacha yapenye, hugonga ufunguo wa pembe sita ukae mpaka mwisho, kisha huilegeza bolti huku springi ikiwa bado ndani, maana msukumo wa springi ndio unaozuia bomba la ndani lisizunguke pamoja na bolti. Mwenye haraka ya kung'oa huviringisha kichwa, na hapo kung'oa kwa kweli huanza, kwa keekee.

Kuna wanaoiita bolti parafujo. Neno zuri, tulilipata kwa Wareno wanaosema parafuso, lakini kwetu ni ndugu wa skrubu, ya kuzungushwa kwa bisibisi. Bolti, iliyotufikia kutoka Kiingereza pamoja na nati, ni ya spana au ufunguo. Na kamusi ya Kiingereza ikikupa "komeo" kwa bolt, hilo ni la mlango.